Jeni na ubora wa nyama ya nguruwe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wafugaji wengi wanapochagua dume hutazama urefu wa mwili, upana wa mapaja na kasi ya kukua. Nyama yenyewe hawaioni mpaka mnyama achinjwe, na kufikia hapo dume huyo huyo ameshapanda majike kadhaa na watoto wake wako mabandani. Majibu haya yanahusu kile ambacho wazazi huwarithisha watoto ndani ya msuli: rangi, uwezo wa kushika maji, mafuta, ulaini na harufu.

Ubora wa nyama maana yake nini hasa?

Inategemea anayeuliza. Mwenye bucha anataka nyama yenye rangi ya waridi iliyokolea, isiyoacha dimbwi la maji kwenye trei. Mtengenezaji wa soseji na bekoni anataka nyama inayoshika maji na chumvi, kwa sababu kila tone linalopotea ni uzito unaopotea. Mlaji anataka laini, yenye utomvu mdomoni na isiyonuka. Kwa hiyo wataalamu hupima pH (kipimo cha asidi: kadiri inavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi), rangi, maji yanayochuruzika, mafuta yaliyo ndani ya msuli na nguvu inayohitajika kuikata nyama iliyopikwa. Kwa madume wasiohasiwa huongeza kipimo cha harufu.

Wingi wa nyama kwenye mzoga ni sifa nyingine kabisa. Ninalisisitiza hili kwa sababu kwa miaka mingi uzalishaji wa nguruwe duniani ulikimbilia wingi peke yake, na matatizo mengi yanayoelezwa hapa chini yalitokea humo.

Ni kiasi gani kinatokana na jeni, na kiasi gani na malezi na machinjio?

Kila sifa ina kiwango chake cha kurithika, yaani sehemu ya tofauti kati ya nguruwe na nguruwe inayotokana na jeni wanazopokea kwa wazazi. Unene wa mafuta ya mgongo hurithika kwa takribani asilimia 40 hadi 50. Mafuta ya ndani ya msuli ni karibu asilimia 50, kiwango cha juu sana kwa mifugo. Rangi iko karibu asilimia 25 hadi 30. Uwezo wa kushika maji na pH ya siku ya pili ni karibu asilimia 20. Idadi ya watoto kwa mzao mmoja, sifa ambayo kila mfugaji huijali, ni karibu asilimia 10 tu.

Chukua mfano wa hesabu. Kundi lako lina wastani wa asilimia 1.5 ya mafuta ndani ya msuli. Ukachagua dume na majike ambao wastani wao ni 2.5. Wamewazidi wenzao kwa 1.0, na kwa kuwa nusu ya tofauti hiyo hurithika, watoto watakuwa na wastani wa kama 2.0. Hicho ni kizazi kimoja. Ukimbadilisha dume peke yake na majike wakabaki wale wale, tarajia nusu ya faida hiyo.

Asilimia 20 ya pH isikukatishe tamaa. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya kazi iko kwa anayesafirisha na anayechinja. Hata hivyo, zipo jeni mbili ambazo kila moja peke yake inaweza kuvuruga pH, na hizo ni rahisi kuziondoa.

Nyama ya nguruwe wangu imepauka, inalegea na inatoa maji. Ni ugonjwa?

Si ugonjwa wa kuambukiza. Huenda ni aina mbovu ya jeni iitwayo RYR1, iliyo kwenye kromosomu ya 6, imekutana na msukosuko wa siku ya kuchinja.

Msuli hujikunja pale kalsiamu inapomiminwa ndani ya seli kutoka kwenye ghala lake, na hulegea kalsiamu inaporudishwa. RYR1 hutengeneza mlango wa ghala hilo. Mwaka 1991 watafiti walionyesha kwamba kwa nguruwe wenye tatizo hili, herufi moja ya DNA imebadilika, na hivyo asidi amino moja, ya 615 kwenye mnyororo wa protini, si ile inayopaswa kuwapo. Mlango ukawa unafunguka haraka mno na kuchelewa kufunga. Nguruwe akishtuka, akipigana au akisukumwa kwenye gari wakati wa jua kali, kalsiamu humwagika, misuli hukakamaa, joto la mwili hupanda na mnyama anaweza kufa papo hapo njiani.

Asipokufa, madhara huonekana kwenye nyama. Msuli wa nguruwe aliye hai una pH ya karibu 7. Baada ya kuchinjwa, sukari ya akiba iitwayo glaikojeni hugeuka kuwa asidi ya laktiki, na kwa kawaida pH hushuka polepole hadi 5.5 au 5.7 ndani ya saa 24, wakati mzoga umeshapoa. Kwa nguruwe mwenye jeni hii pH inaweza kuwa chini ya 5.8 dakika 45 tu baada ya kuchinjwa, mzoga ungali moto. Asidi na joto vikikutana, protini za msuli huharibika na kushindwa kushika maji. Ukikata sarara yake utaona nyama ya kijivu-waridi, ukibonyeza kidole shimo linabaki, na baada ya saa chache sahani ina maji. Kwenye vitabu hali hii huandikwa kwa herufi PSE.

Kabla ya kipimo cha DNA, watoto wa nguruwe wa wiki nane hivi walivutishwa gesi ya usingizi ya halotheni kwa dakika chache. Wazima walilala miguu imelegea. Wenye nakala mbili za jeni mbovu, moja ya baba na moja ya mama, walikakamaa miguu ikanyooka kama mbao, na gesi ikaondolewa haraka wasife. Ndiyo maana wafugaji wa zamani huiita jeni ya halotheni.

Kama ni mbaya hivyo, kwa nini ilienea?

Kwa sababu nguruwe wenye jeni hii wana nyama nyingi na mafuta kidogo. Mfugaji aliyechagua dume mwenye mapaja yaliyotuna kuliko wenzake alikuwa, bila kujua, anachagua RYR1. Mbegu ya Pietrain ya Ubelgiji, maarufu kwa misuli, ndiyo iliyojaa jeni hii kuliko nyingine. Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Liège waliichanganya na Large White kisha wakarudisha damu ya Pietrain kizazi baada ya kizazi, wakapata Pietrain wenye umbo lile lile na jeni salama. Siku hizi dume wa Pietrain anaweza kuwa salama au asiwe, kwa hiyo uliza cheti cha kipimo kabla ya kutoa hela.

Dume wangu ana nakala moja tu ya jeni hiyo. Nimwache?

Mwenye nakala moja hafi kwa mshtuko kama mwenye mbili, na ukimtazama bandani huoni kitu. Lakini nusu ya watoto wake watairithi hata kwa jike aliye huru, na nyama yao itakuwa katikati: si mbovu kabisa, ila inachuruzika kuliko ya wasio na jeni. Ukimpandisha kwa jike mwenye nakala moja pia, tarajia robo ya watoto wawe na mbili, nusu wawe na moja na robo wawe huru.

Wapo waliokuwa wakitumia dume wa nakala mbili kwa majike walio huru, makusudi, ili watoto wote wawe na moja na wapate nyama ya ziada. Siungi mkono. Faida inaliwa na maji yanayopotea, na inamlazimisha mnyama aishi na mwili usiostahimili hata safari ya kwenda machinjioni. Kwa jeni hii msimamo wangu ni kuitoa yote.

Kipimo cha DNA kinahitaji nini?

Nywele chache zilizong'olewa na mizizi yake, kipande kidogo cha sikio au tone la damu. Mnyama anapimwa mara moja tu maishani, tena hata siku aliyozaliwa, kwani DNA haibadiliki. Ukipima wazazi wote na wote wakawa huru, huna haja ya kupima watoto.

Nimeambiwa niwe mwangalifu na Hampshire. Kwa nini?

Hii ndiyo jeni ya pili. Jina lake ni PRKAG3, iko kwenye kromosomu ya 15, na aina yake mbovu hujulikana kama RN. Chanzo chake kilibainishwa mwaka 2000. Inadhibiti jinsi msuli unavyoweka akiba ya glaikojeni, na nguruwe mwenye aina mbovu huweka takribani asilimia 70 zaidi ya kawaida. Akiba ikiwa kubwa, asidi itakayotokana nayo ni nyingi. Hapa pH haikimbii kushuka kama kwenye RYR1. Inashuka kwa mwendo wa kawaida, ila haisimami inapotakiwa kusimama, inafika 5.4 au chini yake.

Tofauti nyingine ni kwamba RN hutawala: nakala moja inatosha kuleta madhara. Anayeumia zaidi ni msindikaji, maana paja lililotiwa chumvi na kupikwa hupungua uzito kuliko linavyostahili. Kwa haki, nyama hii ikiliwa mbichi kwa maana ya isiyosindikwa, baadhi ya walaji huiona laini na yenye utomvu. Kwa hiyo usichukie mbegu nzima ya Hampshire. Wapo Hampshire wasio na RN, na wana nyama nzuri.

Kwenye jeni hiyo hiyo ya PRKAG3 kuna badiliko jingine, jirani kabisa na lile baya, ambalo hupunguza glaikojeni na kuinua pH kidogo. Jirani hao wawili wana matokeo yanayopingana, na ndiyo sababu ripoti ya maabara isomwe kwa makini: kuandikwa PRKAG3 peke yake hakukwambii ni heri au shari.

Na nyama nyeusi, kavu, inayonata?

Hiyo ni kinyume, na mara nyingi lawama ni za malezi. Nguruwe aliyechoka kwa muda mrefu, aliyepigana usiku kucha na wageni au aliyekaa na njaa kupita kiasi huchinjwa akiba ya sukari ikiwa imekwisha. Hakuna cha kugeuka asidi, pH inabaki juu ya 6, nyama inakuwa nyeusi na huoza upesi. Usihangaike na maabara kwa hili. Rekebisha usafiri na mapumziko.

Mafuta ya ndani ya msuli yana faida gani, na Duroc wanasifiwa kwa nini?

Kata sarara ya Duroc mzuri uishike kwenye mwanga. Utaona nyuzi nyembamba nyeupe zimetawanyika katikati ya nyama nyekundu. Hayo siyo mafuta ya pembeni unayoweza kuyakata kwa kisu. Yamelala kati ya nyuzi za msuli, huyeyuka wakati wa kupika, na hubeba ladha. Nguruwe waliochaguliwa kwa wembamba vizazi vingi hushuka hadi karibu asilimia 1, na nyama yao ikipikwa dakika chache za ziada inakuwa kavu. Wengi wanaona asilimia 2 hadi 3 inatosha kuinua ladha bila kumkimbiza mlaji anayeogopa mafuta.

Duroc wanasifiwa kwa sababu wamebaki na mafuta haya huku wakikua haraka na kuwa na nyama ya kutosha. Berkshire nao wana sifa ya nyama yenye pH nzuri na rangi iliyokolea. Lakini mbegu ni wastani tu. Ndani ya Duroc wapo wenye asilimia 1.5 na wapo wenye 4, na anayenunua jina bila kuuliza takwimu za ukoo anaweza kuondoka na yule wa 1.5.

Usitafute jeni moja ya mafuta haya. Ni jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo.

Nikipunguza mafuta ya mgongo si nitapoteza na ya ndani?

Utapoteza kiasi, kama hutachukua tahadhari. Mafuta hayo mawili yana uhusiano wa kijeni, lakini si wa kufungana pingu: ni uhusiano wa wastani. Wapo nguruwe wenye mgongo mwembamba na msuli uliojaa chembe za mafuta, na hao ndio wa kutafutwa. Masharti ni kupima vyote viwili. Mashine ya ultrasaundi hupima unene wa mafuta ya mgongo kwa mnyama aliye hai, na zilizo bora hukadiria hata mafuta ya ndani. Aliyepima mgongo tu kwa vizazi kumi, akachagua wembamba, hana haki ya kushangaa nyama yake ikipoteza ladha.

Kuna jeni ambayo mtoto huitumia ya baba tu?

Ipo, na ni mojawapo ya mambo ya kuvutia kuliko yote katika nguruwe. Ni IGF2, kwenye kromosomu ya 2. Mtoto hupokea nakala mbili kama kawaida, ila ndani ya msuli ile ya mama hunyamazishwa na ya baba ndiyo hufanya kazi. Mwaka 2003 ilionyeshwa kwamba badiliko la herufi moja, tena kwenye sehemu ya jeni isiyotengeneza protini, huongeza nyama kwa asilimia 3 hadi 4 na kupunguza mafuta ya mgongo.

Kwa mfugaji maana yake ni hii: dume wa kuzalisha nguruwe wa nyama akiwa na nakala mbili za aina hiyo, watoto wake wote watafaidi, hata mama zao wakiwa nayo au la. Majike wanaweza kubaki na aina ya zamani yenye mafuta zaidi, ambayo huwasaidia wanaponyonyesha na mwili unapopungua.

Harufu ya dume inarithiwa?

Ndiyo, kwa kiasi kikubwa. Inaletwa hasa na vitu viwili. Androstenoni hutengenezwa kwenye korodani dume anapobalehe, nayo hunuka kama jasho au mkojo. Skatoli hutengenezwa na bakteria wa utumbo mpana, hunuka kinyesi, na ini la mnyama huivunjavunja kabla haijafika kwenye mafuta. Androstenoni hurithika zaidi ya nusu. Skatoli hurithika kwa kiwango cha chini kidogo, na yenyewe husikia sana usafi wa banda na aina ya chakula. Dume anayelala kwenye kinyesi chake hujiongezea skatoli.

Hii pia inaeleza ugomvi wa mezani, mmoja akisema nyama inanuka na mwenzake haoni tatizo. Uwezo wa binadamu kunusa androstenoni hutegemea jeni zake mwenyewe, na wapo wasioisikia kabisa.

Kuhasi huondoa androstenoni, lakini huumiza, na nguruwe aliyehasiwa huweka mafuta zaidi na kula zaidi kwa kila kilo anayoongeza. Ipo chanjo inayozuia homoni za uzazi na kuleta matokeo yanayokaribia kuhasi bila kisu. Njia ya tatu ni kuchagua koo zenye harufu ndogo. Hapa ni lazima kwenda taratibu, kwa kuwa androstenoni hutengenezwa katika njia moja na homoni nyingine za dume, na ukichagua bila kuangalia uzazi unaweza kupata madume wasionuka na wasio na hamu ya kupanda.

Chotara ana nyama bora kuliko mbegu safi?

Nguvu ya uchotara huonekana sana kwenye uzazi, uhai wa watoto na ukuaji. Kwenye ubora wa nyama ni ndogo mno, chotara huwa karibu na wastani wa wazazi wake. Ndiyo sababu mpango uliozoeleka ni jike chotara wa Large White na Landrace, anayezaa vizuri na kuwa na maziwa, apandwe na dume aliyechaguliwa kwa nyama, kama Duroc. Kila mnyama wa kuchinjwa hubeba nusu ya jeni za dume huyo.

Na nguruwe wa kienyeji?

Wengi wao hukua polepole na mgongo wao una mafuta mengi, lakini msuli una rangi nzuri na ladha. Mangalica wa Hungaria na nguruwe wa Iberia wa Hispania walidharauliwa kwa unene wao, na leo nyama yao iliyokaushwa huuzwa ghali. Kuwamaliza kwa kuwapandisha na madume wa kigeni bila mpango ni kutupa jeni ambazo hazitapatikana tena kwa fedha yoyote.

Mafuta ya nguruwe wangu ni laini, yanateleza. Nibadilishe dume?

Angalia chakula kwanza. Nguruwe huweka mwilini mafuta yanayofanana na aliyokula, hivyo mashudu au pumba zenye mafuta mengi hufanya ya mwilini yawe laini. Nguruwe mwembamba sana naye huwa na mafuta laini zaidi, na hapo ndipo jeni zinaingia.

Uchaguzi kwa jenomu nzima umeleta nini kipya?

Umeondoa kikwazo kikubwa. Zamani, ili ujue nyama ya dume ilibidi uchinje watoto au ndugu zake, kisha usubiri. Mwaka 2001 ilipendekezwa njia ya kukadiria thamani ya mnyama kwa alama maelfu zilizotawanyika kwenye DNA yake yote, na ramani ya jenomu ya nguruwe, iliyosomwa hasa kutoka kwa jike wa Duroc, ilichapishwa mwaka 2012. Sasa dume hukadiriwa angali mdogo. Lakini makadirio hayo hujengwa juu ya nyama halisi iliyopimwa kwa nguruwe wa koo hiyo hiyo. Makadirio ya Duroc wa kampuni moja hayawezi kuhamishiwa kwa nguruwe wa kienyeji yakabaki ya kuaminika.

Sina maabara wala ultrasaundi. Nianzie wapi?

Anza na namba masikioni na daftari. Bila kujua baba wa kila nguruwe aliyechinjwa, vipimo vyote ni kazi bure.

Kisha nenda na nguruwe wako machinjioni. Kipima pH cha kuchoma kwenye nyama ukikipata, pima sarara dakika 45 baada ya kuchinja na tena kesho yake. Kipimo cha maji hakihitaji mashine: kata kipande cha sarara cha gramu 100 hivi, kipime kwa mizani inayosoma hadi gramu, kitundike kwa uzi ndani ya mfuko wa plastiki bila kugusa kuta zake, kiache kwenye friji saa 48, kifute kidogo na ukipime tena. Gramu 100 zikirudi 97, nyama iko salama. Zikirudi 94 au pungufu, andika jina la baba yake.

Mzoga mmoja haukwambii kitu, pengine siku hiyo nguruwe alisumbuliwa. Watoto kumi wa dume mmoja wakichuruzika, na kumi wa dume mwingine waliopanda gari lile lile hawachuruziki, hapo unaona jeni. Kumbuka kuwalinganisha waliochinjwa siku moja, mahali pamoja.

Na usimrudishie dume binti zake. Mtoto wa baba na binti ana uwezekano wa asilimia 25 wa kupokea nakala mbili zinazofanana kwa sababu zimetoka kwa babu mmoja, na kama dume alibeba RYR1 kimyakimya, hapo ndipo itakapojitokeza. Mbadilishe kabla mabinti zake hawajaanza kupandwa.